Stima ya Matanga

Jumapili, Agosti 1999
Nyumbani, nje kidogo ya Rodi Kopany

Jua kali, upepo hakuna. Wote wameenda kanisani. Mimi nimekataa, na mama hakubishana nami, jambo ambalo si kawaida yake. Nimebaki na kuku, na kompyuta isiyo na stima.

Nina hasira. Naiandika mapema ili baadaye nisijifanye kwamba nilikuwa na huzuni tu. Huzuni ninayo pia, lakini leo hasira ndiyo iliyoniamsha.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu katika boma hili hakuna anayekisoma kwa hiari yake. Mama anasoma Biblia ya Kijaluo. Baba mdogo, mwenye kauli ya mwisho hapa tangu baba afariki, anasoma magazeti ya Kiingereza yaliyofungiwa sukari. Kwa hiyo hapa niko salama.

Juzi tulimzika Akinyi, dada yangu wa pekee.

Nianze na kompyuta, kwa sababu hayo mengine yote yamefungamana nayo.

Chuoni nasoma baiolojia, na mwaka huu wametuongezea kozi mpya ya kuandika programu za kuchunguza chembe za urithi. Jina lake ni refu kuliko orodha ya vitabu vyake. Mhadhiri amerudi juzijuzi kutoka ng'ambo na anaongea kama mtu aliyekuta nyumbani kwao wote wamelala. Chumba cha kompyuta unaingia umevua viatu, kila mashine ina kitambaa cha kufumwa juu yake kama redio ya bibi harusi, na wavulana wanajiandikisha zamu za wiki nzima kisha wanazitumia kucheza karata. Sehemu kubwa ya Pascal, lugha tunayoandikia programu, nimejifunza kwenye karatasi.

Mhadhiri alitugawia disketi zenye kazi ya kumalizia kozi. Wengine walipata herufi za urithi za mahindi, wengine za mbu. Mimi nilipata za virusi. Ni mifuatano miwili mirefu ya herufi nne, A, C, G na T, imetolewa kwa wagonjwa wawili nisiowajua. Kazi yangu ni kuandika programu itakayoipanga sambamba na kusema imefanana kiasi gani. Nilisoma kibandiko cha disketi nikainyamazia. Wakati huo Akinyi alikuwa amesharudishwa nyumbani na mwanamume aliyekuwa akikaa naye, na tayari alikuwa anakohoa.

Kisha wanafunzi wakagoma, polisi wakaingia na mabomu ya machozi, chuo kikafungwa, sote tukaambiwa tuondoke jioni ileile. Mhadhiri alisimama mlangoni akasema kazi itakusanywa siku ya kwanza ya kufungua, ikiwa na majibu yake ndani ya disketi. Asiyekuwa na majibu atarudia mwaka. Hakuuliza kama kwetu kuna stima.

Kwetu hakuna stima.

Mashine ninayo. Mjomba anafanya kazi ofisini Kisumu, na ofisi yao ilipobadilisha kompyuta alinipa moja ya zile za zamani, skrini nyeusi na maandishi ya kijani. Tuliileta kutoka barabarani kwa wilbaro, imefunikwa blanketi, na watu wakatoka kunipa pole wakidhani nimeleta mgonjwa. Tukaiweka mezani. Mama akaifunika kitambaa. Kwa wiki kadhaa ilikuwa pambo la sebule.

Aliyepata wazo ni Akinyi.

Alikuwa amelala kwenye mkeka chini ya upenu wa jiko, mahali alipopata joto, tukasikia spika kutoka upande wa pili wa mto. Kulikuwa na kilio kwa mama mmoja mzee, na Okelo alikuwa anajaribu mitambo yake. Huyu Okelo ndiye mwenye jenereta hapa kwetu. Hakuna anayezikwa kwa heshima bila Okelo, taa zake, na muziki wake. Akinyi akasema, "Profesa, stima si hiyo? Enda uombe."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Marehemu hatasumbuka. Yeye hatumii."

Basi nikaenda. Okelo ni mtu mwema mwenye mdomo mrefu. Alikubali nichomeke mashine yangu mchana, kabla wageni hawajajaa, mradi nisiguse soketi ya spika. Nikaiweka pembeni mwa turubai. Ilipowaka, wazee waliokuwa wamekaa chini ya kivuli wakasogeza viti vyao, mmoja baada ya mwingine, wakanizunguka. Kina mama wakaja na watoto. Walidhani ni video. Siku hizi watu wenye uwezo huonyesha video kwenye matanga, na hawa walidhani familia imejitahidi. Wakakaa kimya kabisa wakitazama herufi za kijani zikipanda. Bibi mmoja aliuliza kwa sauti lini watu watatokea. Mzee mmoja akamwambia avumilie, hayo ni majina ya waigizaji.

Nilimsimulia Akinyi hadi akashika mbavu akiomba ninyamaze, maana kucheka kulimwamshia kikohozi.

Toka siku hiyo nikawa mtu wa matanga. Naungama hapa, kwa kuwa mahali pengine sitaungama: nilifika mahali pa kusikiliza mayowe ya asubuhi na kujiuliza kwanza ni boma lipi, na kama lina uwezo wa kumwita Okelo. Baadaye ndipo nilipouliza ni nani. Na vilio havikukosekana. Miaka hii katika sehemu zetu, kutoka hapa mpaka Migori, Jumamosi isiyo na mazishi ni ya kushangaza. Wengi wa wanaozikwa ni watu wa rika la Akinyi. Wote "wameugua kwa muda mfupi." Wote ni kifua, au malaria iliyopanda kichwani, au chira, laana ya aliyevunja mwiko, ambayo humkondesha mtu mpaka aishe. Mimi nimekaa pembeni ya turubai zao, nimepanga herufi za kile kilichowaua, kwa stima iliyoletwa kuwazika. Kisha naambiwa nipishe, kwaya inataka kipaza sauti.

Okelo aliwahi kuniuliza, "Sista, hiyo kitu unaandika ni ya nini hasa?"

Nikamwambia ni hesabu za shule.

Sikuwa na ujasiri. Ningemwambia nini, na marehemu yuko hatua chache kutoka kwetu?

Programu yenyewe haikufanya kazi. Ilikubali kuwaka, ikasoma mifuatano yote miwili, kisha ikatoa idadi ya ajabu, herufi zilizofanana zikiwa nyingi kuliko herufi zenyewe. Nikarekebisha huku, ikaharibika kule. Kila jaribio lilingoja mtu mwingine afe. Sijui mwanafunzi gani mwingine amesoma hivyo.

Siku moja nilimwaga hasira zangu mbele ya Akinyi. Akasema, "Nifundishe. Mimi nitakuwa mashine." Nilifagia uwanja mbele ya jiko, nikachora kwa mkaa mraba mkubwa wenye vyumba vidogo. Juu nikaandika kipande kidogo cha mfuatano wa kwanza, ubavuni kipande cha wa pili. Nikampa bakuli la punje za mahindi. Nikamweleza sheria: ukifika kwenye chumba, tazama herufi ya juu na herufi ya ubavuni. Zikifanana, chukua idadi ya punje za chumba kilicho nyuma kwa mshazari, ongeza moja, weka hapa. Zisipofanana, tazama chumba cha juu na cha kushoto, chukua idadi iliyo kubwa. Endelea hivyo mpaka chumba cha mwisho chini kulia. Punje zilizomo humo ndizo jibu.

Alijikokota akakaa kwenye gunia. Mikono yake ilikuwa imebaki mifupa, lakini aliushika mchezo mara moja, maana sote tumelelewa na ajua, bao la kwetu, na kuhamisha punje kutoka kishimo hadi kishimo si kitu kipya kwetu. Akaweka kidole kwenye chumba cha kwanza, akakwama.

"Nichukue ya juu?"

"Ndiyo, chukua ya juu."

"Juu kuna nini?"

Nikatazama. Juu ya safu ya kwanza hapakuwa na vyumba. Palikuwa na uwanja tu, majani makavu na kinyesi cha kuku.

"Hakuna kitu," nikasema.

"Hujaniambia hakuna kitu. Mimi ni mashine, sijui. Nichukue mavi ya kuku?"

Nilikaa chini palepale kwenye vumbi. Hilo ndilo lilikuwa kosa. Sikuwa nimeipa mashine safu ya mwanzo ya sufuri, juu na ubavuni. Mashine usipoiambia mahali fulani hakuna kitu, huokota takataka yoyote iliyoachwa pale na kuihesabu. Wiki zote zile, jenereta zote zile, na kosa lilikuwa kwenye ukingo ambao sikuuchora. Akinyi alijisifu mpaka jioni. Alimwambia mama kwamba chuo kimletee mshahara.

Nikaandika mistari mipya kwenye karatasi. Ilibaki kuiingiza na kuijaribu tu.

Alinitazama nikiandika, kisha akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayepanga safari ya sokoni, "Sasa ngoja yangu. Jenereta ikija kwangu usikae na wale wanawake kulia. Uchomeke mashine yako mapema, kabla hawajajaa. Na soketi nzuri, si ile ya pembeni. Mwambie Okelo mwenye kilio ameruhusu."

Nilimkemea. Nilimwambia asiongee hivyo. Akasema, "Profesa, mimi na wewe tunasoma kitu kimoja. Usinidanganye."

Ni mara hiyo tu tuliposogelea kulitaja jina la ugonjwa wake. Yeye alijua, na alijua kwamba najua. Hata hivyo sikulitaja.

Alikufa Jumatano alasiri. Siwezi kuandika kuhusu Jumatano.

Niandike kuhusu Ijumaa.

Hapa watu huzikwa Jumamosi. Maiti hulala nyumbani, watu wa mbali hufika, turubai hupandishwa, Okelo huja na lori lake dogo. Dada yangu alizikwa Ijumaa saa tatu asubuhi. Alhamisi baba mdogo aliita kikao kifupi na kutangaza kwamba Akinyi hakuwa mke wa mtu. Kwamba alikaa na yule mwanamume, ndiyo, lakini ng'ombe wa mahari hawakuja. Msichana aliyefia kwa baba yake bila kuolewa hazikwi ndani ya boma, na hafanyiwi sherehe. Anazikwa nje ya ua, upesi, na watu wanarudi kazini. Huo ndio utaratibu, alisema, yeye hakuutunga.

Yule mwanamume ni mfanyabiashara wa ng'ombe kule Ogwedhi. Kila siku ya soko ananunua na kuuza, anawajua ng'ombe wa Wamaasai na wa Wakuria kwa rangi na kwa mwendo, amewapeleka kila upande wa nchi. Njia ya kuleta hata ndama mmoja hapa Rodi ndiyo iliyomshinda. Akinyi alimpikia, alimfulia, alimuuguza alipokonda. Mwanamume akapata nafuu kidogo, na Akinyi alipoanza kukonda akamrudisha kwetu akiwa na sanduku moja, akasema ni chira ya kwetu, tuishughulikie wenyewe. Bado yuko hai. Nasikia wiki iliyopita alikuwa sokoni.

Na mazishini hakuja.

Nilimuuliza baba mdogo kuhusu jenereta. Nilijua nauliza nini na kwa nini, na sina aibu. Alinitazama kama mtu aliyetukanwa.

"Jenereta ya nini? Unataka tucheze disko kwa msichana?"

"Hata kipaza sauti tu," nikasema. "Hata saa moja. Yeye mwenyewe alitaka."

"Alitaka," akasema. "Angetaka pia mume mwenye ng'ombe."

Mama alikuwa amekaa hapo. Aliinamisha kichwa, akachezea ncha ya leso yake. Nilingoja aseme neno moja. Bado nangoja.

Okelo alikuja, lakini mikono mitupu, kwa miguu, kama jirani tu. Alishika jembe. Alichimba pamoja na wengine nyuma ya ua wa minyaa, mahali tunapotupa majivu, na kila mara alikuwa ananitazama kama anayetaka kuniambia kitu. Watu walikuwa wachache. Kwaya haikuitwa. Mchungaji alitumwa na kanisa akiwa na haraka. Baba mdogo alisoma maneno yake kwa Kiingereza, ili yawe na uzito, kwamba marehemu aliugua kifua kwa muda mfupi.

Muda mfupi! Mimi nilimwogesha. Nilizijua mbavu zake moja moja. Niliongeza matundu kwenye mshipi wake mpaka ngozi ikaisha. Nilisimama pale kaburini na neno liko mdomoni, herufi zake nazijua kuliko mtu yeyote katika lokesheni hii, nimezipanga safu kwa safu chini ya turubai za watu wengine. Nikafunga mdomo kama wote.

Tukafukia. Tukanawa. Saa tano mama mmoja alikuwa ameshaanza kupalilia shamba lake, nilimwona kutoka hapa.

Kinachoniuma zaidi ni kitu kidogo, na huenda ni cha kijinga. Kila mtu aliyekufa hapa mwaka huu amenipa stima. Bibi wa ng'ambo ya mto alinipa. Mwalimu wa nasari alinipa. Hata yule mlevi aliyeanguka Homa Bay karibu na gati, ambaye hakuna aliyempenda, ndugu zake walimwita Okelo na mimi nikapata mchana mzima. Aliyeniahidi kwa kinywa chake, na aliyeshika kosa lenyewe kwa kidole chake, ndiye pekee aliyezikwa gizani saa tatu asubuhi, jua likiwaka.

Leo asubuhi, wenzangu walipoondoka kwenda kanisani, Okelo alipita. Hakuingia. Alisimama kwenye lango akasema kwa kile Kiswahili chake cha stendi, "Sista, Jumamosi niko na kazi kwa Mzee Ochola. Kijana yake. Kuja mapema, nitakupatia ile soketi mzuri. Sitaki uniambie asante."

Kijana wa Mzee Ochola alisoma darasa moja na Akinyi.

Redio inasema chuo kinafunguliwa, si kesho, bali Jumatatu inayofuata. Kwa hiyo Jumamosi ndiyo nafasi yangu ya mwisho. Nisipoenda, narudia mwaka, na baba mdogo amekwisha sema kwamba msichana wa kurudia darasa akiwa na umri wangu hana haja ya kurudi huko, kuna kazi hapa. Nikienda, nitakaa tena pembeni ya jeneza la mtu nikichapa, na safari hii hakuna wa kumsimulia nikirudi.

Nitaenda. Nimeshaamua nikiandika sentensi iliyopita.

Nimetoa ile karatasi yenye mistari mipya nikaisoma upya kwa kidole. Safu ya juu sufuri. Safu ya ubavuni sufuri. Iko sawa. Kisha nikakumbuka jambo ambalo mhadhiri hulirudia mpaka anachosha. Katika Pascal, chochote unachoandika ndani ya mabano yale yenye kiuno, mashine inakiruka. Ni mahali pa kueleza wanadamu unachofanya. Wanafunzi wengi hawaandiki kitu humo, na yeye huwakata alama. Anasema yeye husoma kila neno, na asiyeeleza hajafanya kazi.

Nimechukua kalamu nikaandika humo, juu kabisa, kabla ya mstari wowote:

{ Kosa la safu ya kwanza lilionwa na Akinyi, dada yangu, akiwa amekaa kwenye gunia mbele ya jiko. Amekufa kwa UKIMWI. Hakuugua kwa muda mfupi. }

Nimeliandika. Lile neno liko, kwa herufi kubwa, na mama akirudi sitaficha karatasi.

Jumamosi nitaichapa kwenye uwanja wa Mzee Ochola, na wazee wakisogeza viti wacha wasogeze. Okelo akiniuliza tena ni hesabu za nini, nitamwambia. Mashine itayaruka maneno hayo kama hayapo, kama walivyofanya watu wa hapa Ijumaa. Lakini mhadhiri hawezi kunipa alama bila kusoma, na yeye ataanzia juu.

Atake asitake, ataanza na Akinyi.